Namna ya Kulichora Akilini Gari Bora la Bei Nafuu kwa Mpenda Kuendesha, Ukiwa Mwanza

Mtu anayependa kuendesha gari lakini hana fedha nyingi hufaidika sana akilichora gari lake akilini, kisha kwenye karatasi, kabla ya kwenda kulitafuta kwa wauzaji. Asiyefanya hivyo huchaguliwa gari na soko, na soko la magari yaliyotumika hapa Mwanza humpa karibu kila mtu kitu kilekile: gari dogo la otomatiki lenye kiyoyozi, redio ya skrini na rimu zinazong'aa. Magari hayo yanamfikisha mtu kazini na kumrudisha nyumbani vizuri, wala sina neno nayo. Mwongozo huu unamlenga yule ambaye, akitumwa Magu Jumamosi asubuhi, anaifurahia njia yenyewe kuliko kufika. Hoja yangu kwake ni kwamba gari la kumfurahisha huanzia kwenye barabara anazopita na kwenye uzito wa gari. Nguvu ya injini, ambayo watu huiuliza kwanza, huja baadaye.

Anza na barabara zako

Chukua daftari uandike barabara unazopita mara nyingi, kisha uandike kila moja inadai nini kwa gari. Kwa mkazi wa Mwanza orodha hiyo haitakosa mlima. Isamilo, Bugando, Mabatini na Igogo kuna njia zinazopanda katikati ya majabali, baadhi yake zikiwa zimejengwa kwa mawe yaliyopangwa. Mawe hayo yanashika tairi vizuri yakiwa makavu, huteleza yakilowa, na wakati wote hulitikisa gari kiasi cha kufichua kila bushi (mpira wa viungo vya chini ya gari) iliyochoka. Barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni, Butimba na Nyegezi ina foleni, daladala zinazosimama ghafla na bodaboda zinazopita pande zote mbili, kwa hiyo inadai klachi nyepesi na vioo vinavyoonyesha vizuri. Njia inayozunguka Capri Point kando ya ziwa ni fupi, lakini ina kona za kupendeza ambazo humweleza dereva mambo mengi kuhusu usukani wake hata akiwa mwendo wa taratibu.

Ukitoka nje ya jiji hali inabadilika. Kutoka Igoma na Kisesa kupitia Magu na Lamadi hadi Bunda, lami inapita kwenye tambarare, ng'ombe wanavuka na mchungaji wao bila kuuliza saa, na kila kijiji kina kibao cha 50, rasta na matuta. Upande wa pili, tangu Daraja la J. P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haikatizwi tena na foleni ya kivuko, na watu wengi wa jiji wamepata njia mpya ya kutembea mwisho wa juma.

Ukimaliza kuandika utaona jambo moja ambalo ndilo litakaloongoza uamuzi wote unaofuata: karibu maisha yako yote ya uendeshaji yako kati ya kilomita 40 na 90 kwa saa. Gari linaloanza kusisimua likifika 140 halitakusisimua kamwe katika barabara hizi, au litakusisimua kwa kuhatarisha maisha ya mtoto anayevuka kwenda shuleni. Unatafuta gari lililo hai likiwa kwenye mwendo wa 60.

Uzito kwanza

Andika juu kabisa ya ukurasa: tani moja, au karibu yake. Hii ndiyo tarakimu muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo matangazo ya magari huitaja kwa nadra. Uzito hushughulikiwa na kila kiungo cha gari kwa wakati mmoja. Injini lazima iuvute kupanda Bugando, breki lazima ziusimamishe kwenye mteremko, tairi lazima ziuzuie usitoke nje ya kona, shokapu lazima ziutulize baada ya tuta, na mfuko wako lazima uulipie mafuta. Gari la kilo 1,500 likisimama kutoka mwendo uleule huzipa breki joto ambalo ni mara moja na nusu ya lile la gari la kilo 1,000. Ndiyo maana gari jepesi linaweza kuwa na breki ndogo, tairi nyembamba, springi laini na injini ndogo, na bado likawa na wepesi ambao gari zito huupata kwa kununua vipuri vya gharama kubwa. Unafuu wa bei na raha ya kuendesha hukutana hapa, katika uzito, na sijui mahali pengine panapokutana waziwazi namna hii.

Historia ya magari ya bei ya chini yaliyopendwa na madereva inathibitisha jambo hilo. Alec Issigonis alipobuni Mini, iliyotoka Uingereza mwaka 1959, aliilaza injini ya cc 848 kwa upana na kuweka magurudumu madogo ya inchi 10 kwenye pembe nne za gari lenye urefu wa mita 3 hivi. Nia ilikuwa kubana nafasi na kuokoa mafuta, lakini kwa sababu gari lilikuwa jepesi na magurudumu yake yalikuwa pembeni kabisa, likageuka kuwa gari la kona na likashinda mashindano makubwa. Toyota walifanya hivyohivyo na Corolla Levin na Sprinter Trueno za AE86, zilizotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987: injini ya lita 1.6, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, ekseli ya nyuma ya kizamani, na uzito usiozidi sana tani moja. Mwaka 1989 Mazda wakaleta MX-5, ya viti viwili, injini ya lita 1.6 yenye nguvu ya farasi zisizofika 120, nayo ikauzwa hadi kuvuka magari milioni moja. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa na nguvu ya kutisha.

Kwa hiyo, kila unapotaka kuongeza kitu kwenye gari lako la karatasi, jiulize kina kilo ngapi na kinamsaidia nini aliyeshika usukani. Paa la kioo linaongeza uzito mahali pabaya kuliko pote, yaani juu. Viti vya umeme, milango ya kujifunga kwa mota na mfumo mkubwa wa muziki navyo vifutwe. Kiyoyozi kibaki, kwa sababu dereva anayetokwa jasho kwenye foleni ya Mkuyuni saa nane mchana hawezi kuwa makini.

Injini na gia zake

Ukishapata tani moja, injini ya lita 1.5 isiyo na tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), yenye nguvu ya farasi 110 hivi, inatosha. Hata hivyo mkazi wa kanda ya ziwa azingatie mwinuko. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Kwa hesabu ya mafundi, injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo zile farasi 110 za kwenye karatasi zinabaki kama 98 ukiwa Mwanza. Tabo hupunguza upungufu huo kwa kusukuma hewa ndani, lakini inaleta joto, mabomba na gharama za matengenezo ambazo sioni kama zinamfaa mtu wa bajeti ndogo. Ningechagua kukubali upungufu na kuuziba kwa gia.

Gia ndizo zinazoamua kama gari litakuwa hai kwenye mwendo wa 60. Fanya hesabu hii kwenye daftari, maana itakusaidia pia kusoma karatasi za magari halisi. Tairi la 185/60R15 (upana wa milimita 185, ukuta wa asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 15) lina mzingo wa mita 1.89 hivi. Tuseme uwiano wa difu (gia ya mwisho inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) ni 4.3 na wa gia ya pili ni 1.9, gia ya pili itafika takriban kilomita 90 kwa saa injini ikiwa kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika. Gia ya tatu yenye uwiano wa 1.3 itakuwa na mizunguko karibu 2,450 ukiwa kwenye 50, mahali ambapo injini ndogo huitikia mara tu unapokanyaga mafuta ukitoka kijijini. Gia ya tano yenye uwiano wa 0.82 itakuwa kwenye mizunguko 3,100 ukienda 100, na kelele yake inavumilika hadi Musoma. Huo ndio mpangilio ninaoupendekeza: gia fupi zilizokaribiana, ili dereva aitumie injini yote, kutoka chini hadi juu, bila kuvunja sheria. Magari mengi ya kisasa yana gia ndefu kwa ajili ya kuokoa mafuta, na dereva wake hafiki hata siku moja mahali injini inapoanza kuimba.

Giaboksi iwe ya mkono. Najua wengi wataona ni mzigo kwenye foleni. Lakini mteremko wa mawe uliolowa mvua unataka gia ya kwanza inayolishikilia gari bila kuchosha breki, na kona ya kupanda inataka gia uliyoichagua mwenyewe kabla ya kuingia, na otomatiki ya gia nne ya magari ya bei ndogo hushtuka na kubadili katikati ya kona. Juu ya hayo yote, raha ya kushusha gia kwa usahihi, mguu mmoja ukigusa breki na mafuta kwa pamoja ili mizunguko ya injini ilingane na ya magurudumu, ni raha ambayo hailipiwi chochote cha ziada.

Tairi, shokapu na urefu kutoka ardhini

Hapa wapenda magari wengi wa Mwanza huiharibu kazi nzuri ya wahandisi. Gari linanunuliwa, na jambo la kwanza ni rimu za inchi 17 na kulishusha. Linganisha: tairi la 185/60R15 lina ukuta wa milimita 111, na la 205/40R17 lina ukuta wa milimita 82. Milimita hizo 29 ndizo zinazoizuia rimu isigonge ukingo wa shimo kati ya Nyakato na Igoma. Tairi nyembamba kiasi, lenye ukuta mrefu, pia humwonya dereva mapema kwa kulia na kujikunja kabla halijaachia, wakati tairi pana lenye ukuta mfupi hushika sana kisha huachia kwa ghafla. Kwa anayejifunza kuendesha vizuri, onyo hilo lina thamani kuliko mshiko wenyewe. Tena bei ya tairi nne za inchi 15 itakuruhusu kununua zilizo bora, na tairi bora kwenye mvua za Machi hadi Mei ni uhai.

Acha sentimita 15 kutoka ardhini, zisipungue. Springi ziwe laini kiasi, na fedha zote ziende kwenye shokapu nzuri na bushi mpya, maana gari linaloyumba baada ya tuta haliponywi kwa springi ngumu.

Mahali dereva anapokaa

Kaa kwenye kiti, egemea, nyoosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono kiguse ukingo wa juu wa usukani bila bega kutoka kwenye kiti. Kanyaga klachi hadi mwisho, na goti libaki limekunjwa kidogo. Kama kiti na usukani haviruhusu hali hiyo, gari hilo halijakufaa hata kama ni la bure. Usukani unaosaidiwa na mafuta ya haidroliki kwa kawaida hufikisha mitetemo ya barabara mkononi kuliko ule wa mota ya umeme, ingawa kuna mota zilizotengenezwa vizuri. Breki ya mkono iwe ya kuvuta kwa mkono, kwa ajili ya kuondoka mlimani. Dashibodi iwe na mshale wa mizunguko ya injini na mshale wa joto. Taa peke yake haitoshi, kwa sababu rejeta iliyoziba hujulikana kwa mshale unaopanda taratibu ukiwa kwenye mlima, muda mrefu kabla taa haijawaka. Taa za mbele ziwe na nguvu na sindano za maji ya kioo zifanye kazi, kwani usiku kando ya ziwa makundi ya wadudu yanaweza kukifunika kioo kwa dakika chache.

Bei ya kweli

Bei ya gari Japani ni mwanzo tu. Gari dogo la abiria linaloingia nchini hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, pamoja na ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini: hakuna kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 kwa injini hadi cc 2,000, na asilimia 10 zaidi ya hapo. Kuna pia tozo ya uchakavu kwa gari lenye umri wa miaka minane na zaidi, nayo huwauma hasa wapenda kuendesha, kwa sababu magari wanayoyataka ni ya zamani. Tumia kikokotoo cha magari kilichoko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kumtumia mtu yeyote fedha. Ukiona kodi inakaribia bei ya gari lenyewe, geukia magari yaliyokwisha kusajiliwa, ya namba D, ambayo kodi yake ililipwa na mwingine.

Kisha weka mafuta. Kwa kilomita 1,000, gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 83, na linalokwenda 8 litatumia lita 125. Zidisha tofauti hiyo kwa bei elekezi ya mwezi huu ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, kwa Mwanza, na utaona injini kubwa inakula nini kila mwezi. Mwisho weka spea. Kabla ya kulipenda gari lolote, pita kwenye maduka ya spea mjini, uliza bei ya seti ya klachi, bushi za mbele, breki pedi na shokapu za gari hilo. Duka la tatu likikujibu kwamba spea hiyo inaagizwa Dar, andika alama nyekundu.

Kulilinganisha na magari yaliyopo

Sasa karatasi yako inasema: tani moja, lita 1.5, gia tano za mkono, tairi za inchi 15, spea za mtaani. Gari linalokaribia maelezo hayo kuliko mengine ni Toyota Vitz RS ya lita 1.5 yenye gia za mkono. Injini yake ni 1NZ-FE, na hapo ndipo bahati ya mtu wa Mwanza ilipo, kwa sababu injini hiyohiyo imo ndani ya IST za lita 1.5, Probox na Corolla nyingi zilizojaa mitaani, kwa hiyo kila fundi anaijua na kila duka lina vipuri vyake. Suzuki Swift Sport ya lita 1.6, ya farasi 125 katika kizazi cha 2005 na 136 katika kile kilichofuata, ni bora zaidi kwenye kona, ila spea zake za pekee utazitafuta kwa subira.

Altezza RS200, yenye farasi 210, gia sita na msukumo wa nyuma, ni gari la kuheshimiwa, lakini lina uzito wa kilo 1,300 na ushee, na nyingi unazoziona hapa ni za otomatiki zenye injini ya silinda sita isiyo na uchangamfu huo. Toyota 86 ya 2012 ndiyo ndoto ya wengi. Kwa bajeti tunayoizungumzia, bei na kodi yake vinaitoa. Na kuna gari moja ambalo watu hulidharau kwa sababu linabeba mizigo na abiria wa michomoko (magari madogo yanayobeba abiria kwa njia isiyo rasmi): Probox ya gia tano. Ni jepesi, lina 1NZ-FE, lina vioo vikubwa vya kuonea, na likibadilishiwa shokapu na tairi nzuri linamtosheleza dereva anayejua kulitumia. Mimi ningelinunua bila aibu, mradi halijawahi kufanya kazi ya mchomoko.

Kulijaribu kabla ya kulipa

Omba kulijaribu asubuhi injini ikiwa baridi, na uliendeshe mwenyewe. Lipeleke kwenye mlima wa mawe, simama katikati ya mpando, vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, achia klachi taratibu. Klachi nzima hulikamata gari katikati ya safari ya pedali na pua ya gari huinuka kidogo. Iliyochoka hukamata juu kabisa, injini ikipiga kelele huku gari likisita, na baada ya muda utasikia harufu ya kuungua. Ukishuka, fungua dirisha, zima redio, usikilize magurudumu ya mbele: mlio wa kugonga, mkavu na mfupi, kwenye kila jiwe ni wa bushi au boli jointi, na mlio wa tiktiki ukikata kona kali huku ukikanyaga mafuta ni wa ekseli. Kwenye lami ya barabara ya uwanja wa ndege, shusha kutoka gia ya tatu kwenda ya pili ukiwa kwenye 50. Ikisaga au ikikataa, giaboksi inadai fungu jingine la fedha, nawe ulipunguze kwenye bei.

Ukikubaliana na muuzaji, bakiza sehemu ya bajeti isiyopungua gharama ya tairi nne. Fedha hiyo ilipie kwanza oili ya injini na ya giaboksi, fluidi ya breki, maji ya rejeta na alaimenti, kisha tairi, kisha shokapu kama zinavuja. Rangi, rimu na redio visubiri hadi gari lipite msimu mmoja wa mvua bila kudai kitu kipya.